Uchawi wenye kanuni si wa watoto

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika hapa kwamba riwaya za fantasia ni za watoto, na kwamba mtu mzima anayezishika anakimbia maisha. Hoja yake kubwa ilikuwa hii: kama mwandishi anaweza kumwokoa mhusika wake kwa neno moja la uchawi, hakuna hatari, na pasipo hatari hakuna hadithi. Si hoja ya kubezwa. Zipo riwaya ambazo shujaa anabanwa kwenye kona, mara kiganja chake kinawaka nuru ambayo hatukuwahi kuisikia, maadui wanalala chali, na sura inaishia hapo. Hizo sizitetei.

Ninayoitetea ni Mistborn: The Final Empire ya Mmarekani Brandon Sanderson, iliyotoka mwaka 2006 ikiwa ya kwanza katika mfululizo wa vitabu vitatu uliokamilika mwaka 2008. Nimeipenda kuliko kitabu chochote nilichosoma ukubwani. Kazi yangu ni kuchomelea vyuma. Naitaja kwa sababu uchawi wote wa riwaya hii umejengwa juu ya metali, na mtu anayeshinda na vyuma kutwa nzima anaona humo mambo ambayo pengine mwingine angeyapita.

Katika ulimwengu huo, mwenye kipaji hunywa kichupa cha kileo chenye chembe za metali, kisha huzichoma tumboni kwa nia yake tu. Kila metali ina kazi moja. Chuma kinavuta metali zilizo karibu, chuma cha pua kinazisukuma. Bati linanoa macho, masikio na pua. Pyuta inautia mwili nguvu na wepesi. Zinki inachochea hisia za watu, shaba ya manjano inazituliza. Shaba nyekundu inamficha mtumiaji asigunduliwe na wenzake, na bronzi inamwezesha kuwagundua wengine. Itazame orodha hiyo kwa jicho la fundi. Ni jozi tupu: metali halisi kwanza, kisha aloi yake, yaani metali hiyo ikichanganywa na kitu kingine. Chuma na chuma cha pua, bati na pyuta, zinki na shaba ya manjano, shaba nyekundu na bronzi. Halafu katika kila jozi metali halisi inavuta na aloi inasukuma. Nilipoliona hilo niliweka kitabu chini nikacheka kwa furaha, peke yangu.

Tena mchanganyiko ukikosewa, unaumia. Pyuta inayofaa ni sehemu 91 za bati na 9 za risasi katika kila 100. Anayemeza aloi ya ovyo anaugua, na anaweza kufa. Kila anayefanya kazi yangu anajua kwamba aloi haina huruma na makadirio, lakini sikuwahi kukutana na mtunzi wa hadithi anayelijua hilo na kulitumia kumtia msomaji hofu.

Sasa niingie kwenye kusukuma, maana hapa ndipo nilipokamatika. Anayechoma chuma cha pua anaona mistari hafifu ya buluu ikitoka kifuani mwake kwenda kwenye kila kipande cha metali kilicho karibu. Anaweza kukisukuma kipande chochote kati ya hivyo, ila moja kwa moja tu, kimwondokee. Hawezi kukipinda kando wala kukizungusha. Na uzito ndio unaoamua nani asogee. Sarafu ni nyepesi kuliko mtu, basi sarafu inaruka kama risasi ya bunduki. Lakini ikishafika ukutani ikakwama, ukuta na sarafu vimekuwa kitu kimoja, na anayerushwa nyuma ni wewe. Ukiitupa chini na kuisukuma, ardhi inakataa, nawe unapaa. Hivyo ndivyo watu wa riwaya hii wanavyoruka juu ya mapaa ya mji wa Luthadel usiku. Hawana mbawa wala zulia. Wana sarafu, uzito wa miili yao, na hesabu ya haraka kichwani kuhusu metali gani iko wapi.

Binti anayejifunza kanuni hizo ni Vin, mwizi wa mitaani. Kabla hajakutana na mwalimu wake, Kelsier, alikuwa na kitu alichokiita Bahati: akikodoa macho kwa mtu na kuwaza kwa nguvu, mtu yule anapoa kidogo, anakuwa mwepesi wa kukubali. Anaitumia kwa uchache, maana inaisha, na hajui inatoka wapi. Baadaye tunaambiwa ilikuwa inatoka kwenye mabaki ya metali ndani ya maji aliyokunywa na vyombo alivyolia chakula. Msichana yule alikuwa ameishi miaka yote kwa chembe zilizobanduka kwenye sahani, huku makabaila wakimeza vichupa vizima. Hapo uchawi na umaskini vimeelezwa kwa kitu kimoja, bila hotuba.

Maana nguvu hizi ni za damu ya makabaila. Walio chini yao, wanaoitwa skaa, ni watumwa wa dola ambayo Bwana Mtawala ameishikilia kwa miaka elfu moja, ambamo majivu yananyesha kutoka angani na ukungu unaifunika nchi kila usiku. Damu hizo mbili zimekatazwa kuchanganyika, na sababu yenyewe ni ya uchawi: mtoto wa mchanganyiko anaweza kuzaliwa na kipaji ambacho watawala wanakitaka kibaki kwao. Kanuni ya metali imezaa sheria ya nchi, na sheria imezaa wasakaji. Hata mapigano yamebadilika. Wapo askari waliofunzwa kupambana na wenye vipaji, na hao hawavai hata kifungo cha metali. Wana ngao za mti na fimbo. Mwandishi amejiuliza watu wa kawaida wangefanya nini katika dunia yenye nguvu za namna hii, akakaa na swali hilo mpaka likamjibu.

Msomaji mwenzangu anasema hakuna hatari. Basi afike kwenye sura ambayo Kelsier na Vin wanakimbia usiku na mchana kuliwahi jeshi la waasi. Wanachoma pyuta bila kupumzika. Pyuta inawabeba kwa kasi ambayo mwili wa binadamu hauwezi, lakini haifuti uchovu, inauahirisha. Kila saa wanayokimbia ni deni linalopanda, na siku metali itakapokwisha tumboni, deni lote litadaiwa kwa pamoja. Sisi tunaosoma tunalijua hilo, kwa hiyo tunahesabu pamoja nao. Kama wangekuwa na nguvu zisizo na mwisho ningefungua kurasa zile nikiwa nimetulia. Badala yake nilikuwa nahema. Walichokikuta mwisho wa safari sitakisema.

Bati nalo vivyo hivyo. Linakupa masikio ya kusikia mnong'ono chumba cha pili, lakini kishindo kikilia karibu kinakuangusha, na mwanga wa ghafla unakupofusha. Kila kinachokupa faida kimebeba mlango wa adui kuingilia.

Mwaka 2007 Sanderson aliandika insha akaeleza kanuni anayoifuata: mwandishi anaweza kutatua matatizo kwa uchawi, na msomaji akaridhika, kwa kadiri ile ile ambayo msomaji anauelewa uchawi huo. Ni jibu kamili kwa barua ya mwenzangu. Anachokilalamikia ni uchawi usioelezwa unaotumika kama ufunguo wa kila kufuli. Mimi nami naulalamikia. Lakini hapohapo sitaki nieleweke kwamba kila fantasia lazima iwe na jedwali. Tolkien, katika riwaya yake kubwa The Lord of the Rings ya mwaka 1954 na 1955, hatuambii mipaka ya mchawi wake Gandalf iko wapi, na haituumizi, kwa sababu mzigo wenyewe, pete inayopaswa kuangamizwa, unabebwa na watu wadogo kwa miguu yao.

Wala sisi wasomaji wa Kiswahili si wageni wa jambo hili. Katika utendi wa Fumo Liyongo ulioandikwa na Muhammad Kijumwa, shujaa hauawi kwa mkuki wala mshale. Kinachomuua ni sindano ya shaba ikipenya kitovuni, basi. Tunaambiwa kanuni hiyo kabla. Tunamsikia akimwambia mwanawe mwenyewe. Kuanzia pale kila ubeti unaomkaribisha kijana kwa baba yake aliyelala unatukaza moyo, na tunajua kabisa sindano itaingia wapi. Liyongo asiye na kitovu cha kuchomwa angekuwa jitu la kutazamwa tu. Na baada ya kuchomwa, anakwenda kisimani, anapiga goti na upinde wake, anakufa hivyo, na watu wanaogopa kuteka maji wakidhani yu hai. Hakuna anayesema hadithi hiyo ni ya watoto.

Kuna jambo moja zaidi katika riwaya hii ambalo limenikaa kuliko kuruka na sarafu. Ni zile metali za hisia. Vin amelelewa na kaka aliyemfundisha kwamba kila mtu atakusaliti, na sauti ya kaka huyo haimtoki kichwani hata baada ya kutoweka. Sasa anaingia katika kundi la Kelsier, watu wanaocheka pamoja, wanaoaminiana. Mmoja wao, Breeze, kipaji chake ni kutuliza hisia za watu, na anafanya hivyo kutwa, kwa wenzake wenyewe, kwa uzoevu tu, ili mtu amletee kinywaji au ampishe kiti. Wenzake wanajua na wanamvumilia. Vin anabaki na swali gumu: nikijisikia salama hapa, je, ni mimi ninayejisikia, au kuna mtu anachoma shaba ya manjano pembeni? Na yeye mwenyewe ana uwezo huo huo. Anaweza kuwafanya wampende. Safari yake ndefu ni kujifunza kukaa kati ya watu bila kuwagusa kwa ndani, akisubiri kuona watakachofanya kwa hiari yao. Nimesoma riwaya nyingi za mapenzi na za familia. Chache zimenifikirisha kuhusu kuaminiana kama hii ya majivu na metali. Mwenzangu anasema tunakimbia maisha. Mimi nilitoka kwenye kurasa zile nikiwatazama watu wangu wa karibu kwa uangalifu zaidi.

Riwaya ina kasoro. Lugha yake ni ya kawaida, haina muziki. Baadhi ya mapigano yanarefuka mpaka unapoteza nani yuko juu ya paa lipi. Ukimtoa Vin, kundi la Kelsier ni wanaume watupu, na hilo linaonekana. Metali moja, atiamu, inayomwonyesha mpiganaji kitakachotendeka sekunde chache zijazo, imepewa uzito ambao mimi ningeupunguza. Lakini hizo ni kasoro za kitabu cha watu wazima, na zinastahili kujadiliwa hivyo.

Kwa hiyo ombi langu kwako, Mhariri, lina sehemu mbili. Kwanza, ukurasa wa vitabu uzipokee riwaya za fantasia na kuzihakiki kwa mizani ile ile inayotumika kwa nyingine: uchawi wake unafuata nini, unagharimu nini, unabadilisha nini katika jamii ya watu wake, na je, mwandishi ameheshimu kanuni zake mpaka ukurasa wa mwisho? Mhakiki akikuta kanuni zimevunjwa ili kumwokoa shujaa, aseme wazi. Pili, ile nafasi ya hadithi ya mfululizo, tafadhali itoeni walau mara moja kwa mtunzi wa fantasia ya Kiswahili. Hadithi ya kila toleo inafaa mno kwa kazi ya namna hii, kwa sababu inampa msomaji siku kadhaa za kukaa na kanuni aliyoonyeshwa na kubashiri itatumikaje. Mtunzi huyo akiwa tayari kutuambia mapema sindano ni ya shaba na inaingia kitovuni, nitanunua kila toleo.

Fundi chuma, msomaji wenu.