Kanga ya gauni ifuliwe kwanza

Mhariri,

Hapa Mtwara kanga haifungwi kiunoni tu. Siku hizi ni gauni la sendofu na shati la ofisini. Vizuri, ila wengi wanaipeleka kwa fundi ikiwa bado na wanga wa kiwandani. Ikifuliwa mara ya kwanza inarudi, zipu inajipinda, kifua kinabana. Iloweke maji baridi, uyabadilishe mpaka yasitoe rangi, anika kivulini, piga pasi, ndipo ikatwe. Gauni refu linataka doti nzima, kwani kipande kimoja hakifiki mita mbili. Fundi aangalie jina: tunaona maneno yamepinduliwa makalioni! Na bitana iwe ya pamba. Nailoni kwa joto hili ni adhabu.

Mafundi cherehani,
Mtwara