Kwa mdogo wangu aliye kambi ya wavuvi wa dagaa, mwezi ukianza kujaa

Mdogo wangu,

Mwangaluka. Mama anakusalimu. Anauliza kama unakula, nami nimemjibu kwamba unakula, ingawa nakujua.

Sitakutaja jina hapa. Unajijua, na mwenzako akiisoma barua hii kwenye simu yake hapo kambini hatajua ni nani kati yenu. Naiandika hadharani kwa sababu maneno uliyoniambia wiki iliyopita si yako peke yako. Nimeyasikia kwa wachuuzi wa dagaa hapa mwaloni Kirumba, Mwanza, kwa dereva wa basi tunayepanga naye nyumba moja, na kwa dada mmoja muuguzi: "Yule mshauri ni mtu mzuri, ila kazi hainipi nafasi."

Tangu usiku ule wa upepo hulali. Ukija mjini unakaa karibu na mlango, na bati likigonga unashtuka hadi chai inamwagika. Ulienda kwa mshauri nasaha mara mbili. Ya kwanza ulijaza fomu na kueleza juujuu. Ya pili ulianza kumtaja mwenzenu ambaye ziwa halikumrudisha. Ya tatu haikuwepo. Ukasema giza limeingia, siku zisizo na mbalamwezi, tajiri mwenye mtumbwi anawaita, mtumbwi haumsubiri mtu.

Nisikilize, maana nimeshapita hapo.

Msiba wa shemeji yako ulipokwisha, mimi nilirudi kiwandani siku ya nne. Unakumbuka watu walivyonisifu kuwa nina moyo. Nilikuwa naomba ovataimu hata Jumapili. Pale kwenye minofu kuna baridi, kuna kelele za mashine, mizani haikupi dakika ya kuwaza, samaki anakuja, unapima, unaandika, mwingine anakuja. Kichwa kilikuwa kimya. Nikitoka nje ya geti tu, kilio kinaanzia kwenye daladala. Kwa hiyo sikutaka kutoka. Niliita hiyo "majukumu". Mshauri wangu ndiye aliyeniuliza, taratibu kabisa: "Ukiwa kazini, ni kitu gani hakikufikii?" Sikumjibu siku hiyo. Nilikasirika na nikaruka miadi miwili.

Baadaye alinieleza kwamba mtu aliyeumizwa hukwepa kila kinachomkumbusha, na kukwepa huko ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Ndiyo maana unaahirisha kwa sababu nzuri, sababu ambayo hata mama hawezi kuipinga. Sisemi kwamba kazi yako si ngumu. Ninachosema ni kwamba hofu imejificha nyuma ya kazi hiyo, na wewe unaipa hifadhi.

Sasa ratiba. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipokosea sana.

Mimi kiwandani nina wiki ya mchana na wiki ya usiku. Mwanzoni nilipewa kila Jumatano saa tatu asubuhi. Wiki ya usiku nilikuwa natoka saa moja asubuhi, napanda gari moja kwa moja hadi kliniki, na mara mbili nilisinzia kwenye kiti wakati mtu ananiuliza habari za mume wangu. Wiki ya mchana nilikuwa namdanganya supavaiza kwamba mtoto anaumwa. Jumatano ya tatu akaniuliza, mbele ya watu, mtoto huyu anaumwa Jumatano tu? Niliona aibu nikaacha kwenda mwezi mzima, na niliporudi ilikuwa kama kuanza upya, tunarudia yale yale.

Kilichoniokoa ni kumwambia mshauri ukweli kuhusu zamu zangu. Alichukua karatasi akachora wiki mbili. Wiki ya usiku naenda saa tisa alasiri, nikiwa nimeshalala. Wiki ya mchana nabadilishana na mwenzangu, yeye ananishikia Jumatano, mimi namshikia Jumapili akienda kanisani. Na supavaiza nilimpelekea cheti kinachosema nahudhuria kliniki, basi. Hakikuandikwa ninaumwa nini. Aliguna, akasaini.

Ovataimu nayo nilikuja kuijua vizuri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 kwa wiki kuwa ndiyo kikomo cha saa za kawaida, na ovataimu ni kwa makubaliano. Miaka yote nilidhani ni amri. Inaniuma kwamba hakuna aliyetuambia, na inaniuma zaidi ninapokufikiria wewe unayelipwa kwa mgao, usiye na mkataba wala afisa utumishi wa kumpelekea cheti.

Lakini wewe una kitu mimi sina. Una mwezi.

Nimelifikiria jambo hili usiku mwingi nikiwa kwenye mizani. Dagaa huvuliwa gizani, anafuata taa. Mbalamwezi ikiwaka taa zenu hazina kazi, mitumbwi inapumzika, mnashona nyavu na kungoja. Mwezi hujaa tena kila baada ya siku 29 na nusu hivi, na hakuna tajiri wala bosi anayeweza kuubadilisha. Mwenye zamu za kiwanda anabandikiwa ratiba mpya ukutani bila kuulizwa, wakati wewe unaweza kukaa leo ukahesabu siku zako za mapumziko hadi Krismasi. Kila mbalamwezi unaweza kuja Mwanza ukakaa siku kadhaa, ukamwona mshauri mara mbili, hujakosa hata debe moja.

Nilimweleza mshauri wangu bila kukutaja, akasema inawezekana. Kawaida anapenda kumwona mtu kila wiki, kwa dakika 50 hivi, lakini akasema utaratibu unaojirudia, hata kama ni wa mwezi wa angani, ni bora kuliko kuja ukibahatika. Katikati ya giza mtaongea kwa simu, kifupi tu, siyo kufukua yale mazito. Atakuuliza usingizi, atakukumbusha namna ya kupumua mwili ukishtuka. Yale ya usiku wa upepo yangoje uwe nchi kavu.

Hilo la mwisho nalitilia mkazo. Usitoke kwa mshauri ukapanda mtumbwi usiku huohuo. Mimi wakati mwingine nikitoka pale nasahau hata kituo cha kushukia. Nimejiwekea nusu saa ya kukaa ufukweni, natazama jiwe la Bismarck na ndege wake, ndipo narudi kazini. Wewe jipe usiku mzima angalau, na ulale kwangu.

Simu usiipokelee kambini. Najua pale hakuna ukuta, kila neno linasikika banda kwa banda. Baada ya kulala asubuhi, kama saa nane mchana, nenda kule kwenye mawe unakofulia. Mtandao unapatikana, maana ndiko unakonipigia ukitaka hela.

Tajiri mwambie una kliniki. Neno hilo linatosha. Ndiyo, watu watakisia. Mwaloni ukisema kliniki wanajua ni dawa za UKIMWI, na ukisema ushauri nasaha wanasema apelekwe Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Waache wakisie, kaka yangu. Wanaokisia hawapo saa nane za usiku unapokaa kitandani umeshika ukingo kana kwamba ni wa mtumbwi. Mimi nimekuona, siku ile ulipolala sebuleni kwangu, nikasimama mlangoni gizani nisijue niingie au nikuache. Nikakuacha. Naomba unisamehe kwa hilo.

Mama anasema tuongeze maombi. Tunaongeza, na hajakataza kliniki. Nilipomweleza alinyamaza kidogo, kisha akauliza nauli ya meli ni shilingi ngapi.

Mwezi sasa umefika nusu. Nimeongea na mshauri, ametenga Jumanne ijayo saa nne asubuhi na Ijumaa saa hiyohiyo. Jumanne na Ijumaa nimebadilishana zamu. Nauli nitakutumia kesho kwa simu, usiipeleke kwenye nyavu. Panda meli ya Jumatatu kutoka Nansio, nitakuwa bandari ya Mwanza Kaskazini nakungoja, upande wa wauza ndizi. Ukishuka ukaona huwezi kuongea, tutatembea kimya hadi nyumbani. Nimeshatandika kitanda cha chumba cha ndani, kile kilicho mbali na bati.

Dada yako