Paipu ya trekta isifungwe kwenye breki ya pikipiki

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu ya barua tuzungumze na wenye pikipiki za zamani wa Moshi na Arusha, pamoja na mafundi wanaowahudumia. Wengi sasa wanang'oa paipu za mpira za breki ya mbele na kufunga zilizosukwa kwa waya wa chuma. Jambo lenyewe ni zuri na tunaliunga mkono. Lakini paipu halisi haipatikani kila duka la spea, kwa hiyo baadhi huenda kwa wanaobana paipu za haidroli za matrekta, wakakatiwa kipande, kikabanwa vichwa, kikafungwa kwenye pikipiki. Paipu hiyo hufaulu majaribio yote ya siku ya kwanza. Mkono wa breki unakuwa mgumu, mteja anashukuru na kuondoka. Hatari imejificha ndani ya mpira, na huchukua wiki au miezi kujitokeza.

Mafuta ya breki ya DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 si oili, ingawa tunayaita mafuta. Ni kemikali ya jamii ya glaikoli, inayochanganyika na maji. Mpira wa ndani wa paipu ya trekta kwa kawaida ni wa naitraili, uliotengenezwa kukaa na oili. Ukikaa na glaikoli unalainika, unavimba, kisha unaanza kumeguka. Tundu linazidi kuwa jembamba, unga mweusi unapanda hadi kwenye kikombe cha mafuta, na siku moja breki inashika bila kuachia. Kwa hiyo anayejitetea kwamba paipu yake inahimili presha kubwa kuliko ya breki anasema kweli, ila hajajibu swali. Paipu hiyo haiharibiwi na presha. Inaharibiwa na kile kilichomo ndani yake.

Wengine wakishaona hivyo hufanya kosa la pili, la kumwaga oili ya haidroli au ya usukani badala ya mafuta ya breki ili paipu isivimbe. Sasa zinavimba raba za masta silinda (pampu inayosukumwa na mkono wa breki) na za kalipa (kishikio kinachobana diski), ambazo zimetengenezwa kukaa na glaikoli. Ishara ya mapema iko chini ya kifuniko cha kikombe: ile raba nyembamba yenye mikunjo inakuwa kubwa, imejaa mawimbi, na ukijaribu kuirudisha haiingii mahali pake. Ukiikuta hivyo, usihangaike na paipu peke yake. Raba zote zibadilishwe, na njia nzima isafishwe kwa spiriti au kwa mafuta mapya ya breki. Petroli na dizeli zisiguse humo.

Kuna kipimo kisichohitaji chombo cha gereji. Vuta mafuta kidogo kutoka kwenye kikombe kwa bomba la sindano, dondosha matone machache kwenye glasi ya maji safi, koroga. Mafuta ya breki ya glaikoli yatayeyuka yasionekane tena. Yakielea kama mafuta juu ya mchuzi, kuna oili humo. DOT 5 nayo haichanganyiki na maji kwa kuwa ni ya silikoni. Hiyo usiichanganye kamwe na hizo nyingine, hata kama namba zinafanana.

Paipu yenyewe hujitambulisha kwa maandishi ubavuni. Paipu ya mpira ya breki hubeba alama SAE J1401 au neno DOT. Ya trekta huandikwa SAE 100R1, SAE 100R2 au EN 853. Fundi akikuletea kipande kisicho na maandishi, au chenye hayo ya pili, mrudishie. Zile zilizosukwa ambazo ni za breki kweli zina bomba la tefloni ndani, waya wa chuma kisichoshika kutu juu yake, na nzuri zaidi zina ganda la plastiki nje kabisa. Ganda hilo huku kwetu si urembo. Vumbi la Boma Ng'ombe na Himo likiingia kati ya nyuzi za waya hufanya kazi ya msasa, nyuzi zinasugua tefloni kila paipu inapotikisika, na wala huoni lolote kwa nje. Tena waya ulio wazi ni tupa: unakula rangi, unakula shokapu, unakula ngozi ya nyaya za taa.

Mtu atauliza kwa nini ahangaike kubadilisha ikiwa paipu ya mpira haivuji. Chukua masta silinda ya milimita 14 na mkono wa breki unaozidisha nguvu mara 5. Paipu iliyochoka ikitanuka na kumeza nusu mililita tu ya mafuta, pistoni ya masta silinda inalazimika kwenda milimita 3 na zaidi, na ncha ya mkono inasogea karibu milimita 16 bila breki kuongezeka nguvu. Watengenezaji wa pikipiki kama Yamaha huelekeza paipu za mpira zibadilishwe kila miaka 4 na mafuta kila miaka 2. Honda CB750, iliyotoka mwaka 1969 na kuingiza breki ya diski ya mafuta kwenye pikipiki za kutengenezwa kwa wingi, ikiwa na paipu zake za mwanzo leo imepita muda huo mara nyingi sana. Paipu mpya iliyokaa stoo miaka 20 nayo ni nzee.

Hata hivyo hakikisha kwanza kwamba mbovu ni paipu. Breki ikishika na gurudumu la mbele likawa zito, liinue, bonyeza mkono, achia, zungusha. Likiwa bado limeshika, funika tangi kwa kitambaa chenye maji kisha legeza kidogo bolti ya paipu pale kwenye masta silinda. Gurudumu likifunguka, paipu haina kosa. Mara nyingi ni tundu dogo la kurudishia mafuta kwenye kikombe, jembamba kuliko kichwa cha pini, limezibwa na utando. Lisipofunguka, kaza tena, nenda kwenye niple ya kalipa (skrubu ya kutolea upepo) ulegeze. Likifunguka hapo ndipo uilaumu paipu: tabaka la ndani limeachia na kuwa kilango. Nguvu ya mkono wako inayasukuma mafuta yapite, lakini kinachoyarudisha ni mvuto mdogo wa raba ya pistoni, nao haukiwezi kilango hicho. Gurudumu likigoma hata niple ikiwa wazi, pistoni imeshika kutu au pini za kalipa zimekauka, na paipu ya bei yoyote haitakusaidia. Wenye BMW za mfululizo wa /6 wakumbuke kwamba masta silinda yao iko chini ya tangi na huvutwa kwa waya. Waya ukilegea, ulaini wa mkono utabaki hata baada ya paipu mpya.

Urefu upimwe gurudumu likiwa hewani na shokapu zimening'inia hadi mwisho, usukani ukizungushwa kulia na kushoto mpaka ukome. Pima kutoka katikati ya jicho (tundu la kichwa cha paipu linalopitisha bolti) hadi katikati ya jicho la upande wa pili, kwa kufuata njia ambayo paipu itapita. Anayepima pikipiki ikiwa imesimama kwa uzito wake atapata paipu fupi, itakayovutwa kwenye shimo la kwanza. Kisha zishushe shokapu hadi chini uone kama paipu inagusa tairi.

Nyuzi za bolti ndizo zinazoua kalipa nyingi za aluminiamu. Za Kijapani kwa kawaida ni milimita 10 kwa hatua (umbali kati ya uzi na uzi) ya milimita 1.25. Za Kiitalia, na BMW zenye kalipa za Brembo, ni 10 kwa 1.0. Za Uingereza mara nyingi ni inchi 3/8 UNF, nyuzi 24 kwa inchi, yaani upana wa milimita 9.5 na hatua inayokaribia sana 1.0. Bolti hiyo ya Kiingereza huingia kwenye tundu la milimita 10 ikacheza kidogo, ikashika mizunguko michache, na fundi mwenye haraka akadhani imekubali. Bolti sahihi huingia kwa vidole vitupu hadi ikae, bila kulazimishwa na bila kuchezacheza.

Kila bolti ya paipu moja inahitaji washa 2 za shaba, moja kila upande wa jicho. Bolti inayobeba paipu mbili inahitaji 3, na yenyewe iwe ndefu zaidi. Washa mpya ni bora. Ikikosekana, ya zamani ya shaba ipashwe moto hadi iwe nyekundu ya kufifia, iachwe ipoe na isuguliwe iwe laini. Ya aluminiamu itupwe. Bolti ya chuma ya milimita 10 hukazwa kati ya Nm (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 25 na 30 pale ambapo kitabu cha pikipiki hakisemi vingine. Ya aluminiamu hukazwa chini ya hapo. Asiye na spana ya kipimo atumie mizani ya kuning'iniza: ifunge kwenye spana sentimita 15 kutoka katikati ya bolti, vuta kwa pembe mraba hadi isome kilo 19. Hiyo ni karibu Nm 28. Unapokaza, mwenzako ashike paipu isijipinde, maana paipu iliyofungwa ikiwa imesokotwa huhangaika kujinyoosha na kulegeza bolti.

Jambo moja husahauliwa. Kwenye Honda CB750 za mwanzo, swichi ya taa ya breki ya mbele iko kwenye kiungo kilicho chini ya usukani na inawashwa na presha ya mafuta. Anayeondoa kiungo hicho ili ashushe paipu moja kwa moja anazima taa hiyo. Zipo bolti za paipu zenye swichi ya presha juu yake. Inunuliwe pamoja na paipu.

Wakati wa kutoa upepo, weka kipande cha mbao cha milimita 15 nyuma ya mkono wa breki usifike mwisho. Masta silinda ya zamani ina kutu sehemu ambayo pistoni haijawahi kufika, na raba ikipitishwa hapo mara moja inachanika. Kujaza kutoka chini kwa bomba la sindano kupitia niple ni rahisi zaidi, kwa sababu upepo wenyewe hupenda kupanda. Angalia tu kikombe kisifurike. Povu la mwisho hujificha kwenye bolti ya juu kabisa, basi funga mkono kwa mpira wa tyubu ukiwa umebonyezwa, uache ulale hivyo. Asubuhi zungushia washa karatasi ya chooni: ikilowa, panavuja. Rudia baada ya kilomita 50.

Mafuta yatoke kwenye chupa mpya ya DOT 4. Yakiwa makavu huchemka kuanzia nyuzi joto 230. Yakishanyonya unyevu wa masika kadhaa kiwango hicho hushuka hadi karibu 155. Lango la Marangu liko takriban mita 1,870 juu ya usawa wa bahari na Moshi mjini iko chini ya mita 1,000, kwa hiyo anayeteremka na abiria huku ameshikilia breki anaweza kuyachemsha yale ya zamani, na mvuke ukishaingia mkono unafika kwenye usukani bila kusimamisha kitu.

Wauza spea tunawaomba waagize paipu zenye alama tulizotaja. Na ndugu zetu wanaobana paipu za matrekta, mkiona bolti ya paipu ya breki ya milimita 10 imewekwa mezani, ulizeni inakwenda kwenye chombo gani kabla hamjakata.

Mafundi na wapenzi wa pikipiki za zamani,
Majengo, Moshi.