Anayepoteza kazi kwa sababu ya bidhaa za nje naye afikiriwe

Ndugu Mhariri,

Kila bajeti inapokaribia, magazeti hujaa habari za ushuru wa bidhaa kutoka nje: upi upande, upi ushuke, wenye viwanda wanalalamika nini, wafanyabiashara wa Kariakoo wanajibu nini. Anayesimama mbele ya mashine ya kufuma hasikiki, ingawa mambo yakiharibika yeye ndiye wa kwanza kukabidhiwa barua ya kupunguzwa kazi. Naomba nafasi nimsemee.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayepunguza watu atoe taarifa, aeleze sababu na ashauriane na chama cha wafanyakazi. Hilo ni jema. Lakini tazama kiinua mgongo: kima cha chini ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika kazini, na hesabu inakomea miaka 10. Kwa hiyo aliyesokota nyuzi miaka 25 anaweza kuondoka na malipo ya siku 70, sawa kabisa na aliyefanya kazi miaka 10. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, wana fao la kukosa ajira, theluthi moja ya mshahara kwa miezi 6 kwa aliyechangia angalau miezi 18. Kwa mishahara ya viwandani ninayoijua, theluthi hiyo inaishia kwenye kodi ya chumba. Kibarua, ambaye viwanda vya nguo vimemtegemea miaka nenda miaka rudi, mara nyingi hachangiwi kabisa.

Nilikuwa katibu wa tawi la wafanyakazi katika kiwanda cha nguo hapa Mwanza. Niliwaona watu wa umri wa miaka 45 na zaidi, mafundi hodari, ambao ujuzi wao wote ulikuwa wa aina moja ya mashine. Mashine ile iliposimama, hakuna mwajiri mwingine mjini aliyeuhitaji ujuzi huo. Baadhi waliingia kwenye biashara ya dagaa. Wengine walirudi vijijini kulima pamba, ile ile ambayo sehemu kubwa yake tunaisafirisha nje ikiwa robota kisha tunaletewa nguo.

Siombi mitumba ipigwe marufuku. Inawavisha watu wetu na inawapa riziki wauzaji wengi, nao pia wana watoto wa kusomesha. Halafu njia hiyo tumeshaijaribu. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa sokoni hatua kwa hatua. Mwaka uliofuata chama cha Marekani cha wafanyabiashara wa nguo zilizotumika kilipeleka malalamiko kwa serikali yao, kikidai ajira 40,000 za Wamarekani ziko hatarini. Serikali yao ikatutishia kutuondoa katika AGOA, mpango ulioruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia Marekani bila ushuru. Tanzania, Kenya na Uganda zikalegeza. Rwanda ikashikilia msimamo, na Julai 2018 nguo zake zikapoteza nafuu ya kuingia Marekani bila ushuru.

Wamarekani waliwatetea watu wao, na siwalaumu. Tangu 1962, enzi za Rais Kennedy, walikuwa na sheria ya kumsaidia mfanyakazi aliyepoteza kazi kwa sababu ya bidhaa kutoka nje. Kwa miaka mingi utaratibu ulikuwa kwamba hata wafanyakazi watatu tu wangeweza kuiandikia Wizara ya Kazi, nayo ikachunguza. Ikithibitika, walilipiwa mafunzo ya kazi nyingine, wakapewa posho wakati wakisoma, na gharama za kuhamia palipo na ajira. Ulikuwa na kasoro zake. Masharti ya mwanzo yalibana mno, hata ikafika 1969 kabla ya ombi la kwanza la wafanyakazi kukubaliwa. Yakalegezwa kwa sheria ya 1974. Na Julai 2022 mpango ulifungwa kwa waombaji wapya kwa sababu Bunge lao halikuuongezea muda. Sisi tuanzishe mpango kama huo, tena tuuweke kwenye sheria isiyohitaji kuhuishwa kila baada ya miaka michache.

Najua nitaulizwa fedha zitoke wapi. Mwaka 2015 tulianzisha Tozo ya Maendeleo ya Reli, asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa zinazoingizwa nchini. Kama forodha iliweza kuchangia reli, sehemu ndogo ya ushuru wa nguo za nje inaweza kumchangia aliyezifuma za hapa. Pia ipo tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, ambayo waajiri huilipa kila mwezi kwa hesabu ya mishahara, na sehemu yake huenda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. Fedha hiyo imehesabiwa kwenye jasho la mfanyakazi huyu miaka yote. Anapopunguzwa kazi, awe na haki ya nafasi VETA bila ada, na fao lake la NSSF liendelee hadi amalize mafunzo.

Watakaosema viwanda vyetu viliuawa na usimamizi mbovu, umeme wa kukatika na mashine chakavu wana sehemu ya ukweli. Ila mfanyakazi hakuchagua meneja wala hakuagiza mashine. Ili asaidiwe, inatosha bidhaa za nje ziwe sababu kubwa ya kupoteza kazi. Zisilazimishwe kuwa sababu pekee. Mafundi cherehani wa mitaani, ambao hawana mwajiri wala kadi ya NSSF, mpango huu hautawafikia, nao wanastahili mjadala wao.

Nawaomba wabunge wa Kanda ya Ziwa wamuulize waziri kule Dodoma: kila ushuru wa bidhaa unapopunguzwa, ni wafanyakazi wangapi nchini wanatengeneza bidhaa hiyo, na wametengewa nini?

Katibu wa zamani wa tawi la wafanyakazi,
Mwanza