Kwa Mwanangu Aliye Msituni Freiburg

Lushoto, Tanga

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Hapa nyumbani sote tu wazima, mvua za vuli zimeanza, na bibi yako anakuombea kila jioni. Barua yako kuhusu watoto wa chekechea ya msituni unakojitolea huko Freiburg, Ujerumani, tumeisoma kwa sauti sebuleni, na bibi yako bado haamini kwamba mtoto wa miaka mitatu anaweza kushinda nje asubuhi nzima, mvua ikinyesha, bila darasa wala kuta, isipokuwa kibanda cha mbao chenye magurudumu cha kujikinga hali inapokuwa mbaya. Nimemweleza kwamba jambo hilo halikuanza jana. Lilianzia Denmark katika miaka ya 1950, Ujerumani chekechea ya kwanza ya aina hiyo ikatambuliwa rasmi mwaka 1993 huko Flensburg, na sasa ziko zaidi ya elfu moja nchini humo. Nakukumbusha hayo ili ujue kwamba umeingia katika kazi ya watu walioifikiria kwa muda mrefu, nawe mwaka huu ni mwanafunzi wao kabla ya kuwa msaidizi wao.

Umeniuliza kama mwalimu wako hakuwa mkali mno siku ile yule binti wa miaka minne alipokulilia umpandishe kwenye shina la mti ulioanguka, walipokuwa wamekaa wenzake, naye akakukataza kwa sababu kanuni yao ni kwamba mtoto hupanda mpaka pale mwili wake mwenyewe unapomfikisha. Mwanangu, mwalimu yule ana haki. Mtoto aliyepanda mwenyewe anaijua njia ya kushukia, kwa kuwa miguu yake imepita kila alipokanyaga. Aliyeinuliwa na mtu mzima hukaa juu ya kitu asichokijua, na akiteleza hana pa kushika. Nasi tulipotumwa kuokota kuni pembezoni mwa msitu wa Magamba, wakubwa zetu hawakutubeba kwenye miteremko; walisimama chini yetu wakituambia shika pale, kanyaga hapa, na mikono yao ilikuwa karibu kuliko tulivyodhani. Uliandika kwamba mwishowe ulipiga magoti kwenye tope, ukamwonyesha kwa kidole kishimo kwenye gome, akaweka ncha ya buti lake, akateleza, akaweka tena, na alipofika juu hakukutazama wewe bali aliutazama msitu. Hapo ndipo mlipofungamana, na ninaamini alikuja kukushika mkono wakati wa kurudi kwa sababu hiyo, tena kwa nguvu zaidi kuliko ambavyo angekushika kama ungemnyanyua.

Kanuni zao nyingine zishike bila kujadiliana nao. Anayechonga kijiti kwa kisu akae chini, na makali yaelekee mbali na mwili. Mahali walipokubaliana kusubiriana njiani pasipitwe hata na mtoto mwenye mbio kuliko wote, na upepo mkali ukivuma, msiingie chini ya miti. Matunda ya porini yanayoota karibu na ardhi yasiliwe, kwa maana mbweha wa huko wana mnyoo ambao mayai yake humdhuru sana binadamu. Kupe nao si wa mchezo: Freiburg iko katika jimbo la Baden-Württemberg, ambako kupe wanaeneza virusi vinavyoshambulia ubongo, na chanjo yake ipo, lakini ugonjwa wa Lyme, ambao nao huenezwa na kupe, hauna chanjo ya kwenda kuchomwa leo, hivyo jikague mwili mzima kila jioni, hasa nyuma ya magoti na kwapani.

Wala usidhani kwamba umekwenda mikono mitupu. Lile ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya, ambalo bibi za watoto hao huliweka dirishani, limetoka kwetu. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa kikoloni wa Wajerumani huku Tanga, alilipata na kulipeleka kwao, na mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina la kisayansi kwa heshima yake. Wajerumani wa kawaida huliita urujuani wa Usambara. Waombe watoto walete moja kutoka nyumbani, kisha watafute pamoja nawe mahali penye kivuli, unyevu na mwamba, kama ua hilo linavyopenda likiwa porini, na uwaeleze kwa nini haliwezi kuishi nje wakati wa baridi yao. Waeleze pia kuhusu mbega na vinyonga wetu wenye pembe. Wakikuuliza kwa nini ngozi yako ni nyeusi, wajibu kwa upole uleule unaowajibia kwa nini majani yamekuwa mekundu, maana mtoto wa umri huo anauliza ili ajue.

Linalonikaa moyoni zaidi ni siku utakayoondoka. Katika miaka yangu ya ualimu nimewaona vijana wa ng'ambo waliokuja kujitolea wakiwapenda watoto wetu kwa dhati, wakawapandisha Irente kutazama tambarare za Mazinde, wakawabeba mgongoni, wakawapiga picha zisizo na idadi, kisha asubuhi moja gari likaja kuwachukua na hakuna mtoto aliyekuwa ameambiwa. Kijana mmoja wa darasa la pili aliendelea kwenda getini kila mapumziko, na sikuwa na jibu la kumpa. Nilikasirika wakati ule, na hasira hiyo haijaniisha. Tangu weltwärts, mpango wa Ujerumani wa kupeleka vijana wake kujitolea ng'ambo, ulipofungua mlango mwaka 2013 ili vijana wa kwetu nao waende kujitolea Ujerumani, nimetamani kuona mmoja wetu akilifanya jambo hili inavyostahili.

Kwa hiyo anza sasa kuwaambia watoto kwamba utakuwa nao mpaka Agosti. Wenye miaka 6 nao wataondoka kwenda shule majira hayohayo, wakibeba yale makoni makubwa ya karatasi yaliyojaa peremende na kalamu wanayopewa watoto wa huko siku ya kwanza ya shule, basi waombe walimu kuaga kwako kuende pamoja na kuaga kwao. Usimwahidi mtoto mmoja kwamba utampigia simu kila wiki. Ahidi kadi moja kwa kundi zima, na uitume. Picha za nyuso zao usiziweke popote bila ruhusa ya wazazi wao.

Baba yako anataka kujua kama buti ulizonunua haziingizi maji, na kama umeshachomwa dozi ya pili ya ile chanjo ya kupe. Tujibu kabla ya Krismasi.

Mama yako akupendaye