Ikisiri isiyo na matokeo isipokelewe

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako niseme na watafiti wenzangu wa afya, hasa vijana wanaoandaa ikisiri, yaani muhtasari mfupi wa utafiti, za kupeleka kwenye makongamano ya tiba.

Mimi ni mtakwimu. Kila msimu wa makongamano naletewa ikisiri nizipitie, majina ya waandishi na vyuo vyao yakiwa yamefichwa. Hadi leo nakutana na sentensi hii: "Matokeo yatajadiliwa mkutanoni." Mtu kapewa maneno 250 au 300, nusu nzima kaimalizia kueleza ugonjwa ulivyoenea duniani, jambo ambalo kila mpitiaji analijua, halafu kwenye matokeo, tunapopasubiri kwa hamu, hakuna kitu. Sasa nipime nini? Ikisiri ya namna hiyo naipa alama za chini, na naona ni haki.

Nyingine husema "dawa ilionyesha mafanikio makubwa." Kwa wangapi, kati ya wangapi? Tuseme waliopona ni 41 kati ya 60, na kwenye kundi la kulinganisha ni 38 kati ya 60. Ukiziandika namba hizo waziwazi, neno "makubwa" utalifuta mwenyewe. Mwongozo wa CONSORT wa ikisiri za majaribio ya tiba, uliotolewa mwaka 2008, unataka hayohayo: matokeo ya kila kundi, na madhara pia. Madhara ndiyo husahaulika kuliko yote.

Linaloniuma zaidi ni tafiti ambazo dawa haikusaidia. Watafiti huzikalia wakisema, "Hatukupata kitu." Mmepata! Kuna mgonjwa anaandikiwa dawa hiyohiyo leo, na daktari wake angependa kujua. Azimio la Helsinki, la Chama cha Madaktari Duniani kuhusu maadili ya utafiti kwa binadamu, lililopitishwa mwaka 1964 na kurekebishwa mara kadhaa tangu hapo, linataka matokeo yatangazwe hata yasipokuwa mazuri. Lakini mapitio ya mwaka 2018 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kuchambua tafiti za tiba, yaliyokusanya ikisiri zaidi ya 300,000, yalikuta kama asilimia 37 tu ndizo zilizokuja kuchapishwa kama makala kamili, na zenye matokeo ya kufurahisha ndizo zilizokuwa na bahati zaidi. Maana yake, kwa tafiti nyingi yale maneno 300 ndiyo kumbukumbu pekee itakayobaki. Wagonjwa waliokubali kutolewa damu na kurudi kliniki kila walipoitwa wanastahili yawe na ukweli wote.

Waandaaji nao wana sehemu yao. Fomu ya kuwasilishia ikisiri iwe na sehemu ya lazima ya namba za matokeo na nyingine ya madhara, na isiyojazwa isipite. Wapitiaji tuelekezwe kutoa alama kwa namna utafiti ulivyofanywa, bila kujali kama jibu linapendeza. Na anayekataliwa aandikiwe sababu, hata mistari miwili, ajue pa kurekebisha kabla ya kongamano lijalo.

Mtakwimu wa tafiti za afya