Nibu ipi, wino upi

Rehema rafiki yangu,

Salamu nyingi. Umeniuliza, kwa kalamu ya wino unayotaka kununua, uchukue nibu gani, yaani ile ncha ya metali inayoandika, na wino gani. Kwanza chukua rula upime kimo cha herufi zako ndogo, a na e, katika daftari unaloandikia kila siku. Zikiwa milimita 2 au pungufu, nibu ya M, yaani ya unene wa wastani, itakuzibia tundu la e mpaka neno libaki mfululizo wa madoa. Chukua F, nyembamba, au hata EF, nyembamba zaidi. Zikifika milimita 3, M itakufaa, tena hiyo huteleza vizuri zaidi. Ila alama hizo hazifanani kila mahali: F ya Pilot au Sailor, za Japani, kwa kawaida huchora mstari mwembamba kuliko F ya Pelikan au Lamy, za Ujerumani.

Nibu ya dhahabu usiihangaikie. Kinachogusa karatasi ni kitone cha metali ngumu kilichounganishwa kwenye ncha, na nibu nzuri ya chuma cha pua nayo inacho. Pesa hiyo nunulia karatasi nzuri, maana lawama nyingi zinazotupiwa nibu na wino ni za karatasi. Karatasi inayonyonya sana huufanya mstari uote vinyweleo kandokando, kisha wino ukapenya upande wa pili.

Wino nao una tabia. Iroshizuku wa Pilot hutiririka kwa wingi. Pelikan 4001 ni mkavu zaidi, yaani hutoka kidogo kidogo. Kalamu inayomwaga ipe wino mkavu, na kalamu bahili ipe unaotiririka. Ukikosea hapo, ukatia wino unaotiririka katika kalamu inayomwaga, juu ya karatasi inayonyonya, F yako itaandika kama M na utadhani umeuziwa nibu mbovu.

Kwa kuanzia, chukua wino wa kawaida wa rangi iliyoyeyuka katika maji, wa bluu, kwa sababu husafishika kirahisi. Ukitaka maandishi yasiyofutwa na maji, kuna wino wa chuma na tanini ya mimea: huandika kwa rangi hafifu, kisha hukolea ukipata hewa. Una asidi, kwa hiyo usiuache ukaukie ndani. Wino wa chembechembe za rangi zisizoyeyuka nao hustahimili maji, lakini ukikauka kwenye mifereji chini ya nibu hauyeyuki tena kirahisi. Huo ni wa kalamu inayoandika kila siku. Wino wa kuchorea wenye laki, kama ya vanishi, ule wa kalamu za kuchovya, usiutie kabisa. Utaiua kalamu.

Kalamu ikikataa kuandika, usiikandamize, utapanua meno ya nibu, zile pande mbili za ncha yake. Ishike kwenye mwanga uangalie ule mpasuko ulio kati ya meno kwa kioo cha kukuzia. Mwanga uonekane kama uzi unaozidi kuwa mwembamba kuelekea nchani. Usipouona hata kidogo, huenda meno yamebanana na wino haupiti. Jino moja likiwa juu ya jenzake, nibu itakwaruza, hasa ukivuta mstari kwa upande mmoja. Hilo husawazishwa kwa ukucha, polepole mno, ukijaribu kila baada ya msukumo mmoja.

Lakini kabla ya kugusa meno, safisha. Vuta na kutoa maji baridi mpaka yatoke meupe. Yakikawia, tia tone moja la sabuni ya vyombo kwenye kikombe cha maji, suuza, kisha isimamishe nibu chini juu ya karatasi ya shashi usiku kucha. Maji ya moto yaache, yanaweza kupinda plastiki. Ukijaza wino kabla haijakauka, maandishi ya kwanza yatapauka, usiulaumu wino. Na badilisha kitu kimoja kwa wakati, wino au karatasi, ndipo utajua tatizo lilikuwa wapi.

Ukishaipata, niandikie kwa kalamu hiyo pande zote mbili za karatasi, nione kama wino unapenya.

Rafiki yako,
Zuhura